Shajara ya Mradi: Filamu ya Baba Zuhura, kutoka Rasimu hadi Meza ya Uhariri

Machi: muswada

Filamu tunayoitengeneza mkoani Tanga inamhusu fundi mitambo wa kiwanda cha mkonge karibu na Muheza, mtu mzima mwenye mke na watoto watatu, ambaye binti yake mkubwa anauawa na kijana wa ukoo wenye malori na maduka mjini, na ambaye baada ya kuisubiri haki mahakamani kwa zaidi ya mwaka anaamua kuitafuta mwenyewe. Ikielezwa kwa ufupi namna hiyo inafanana na hadithi nyingi za kisasi, na mtayarishaji wetu alilisema jambo hilo waziwazi tulipokaa kuisoma rasimu ya kwanza: baba kafiwa, baba kakasirika, baba kalipiza. Swali alilonipa ndilo ninalolifanyia kazi hadi leo, yaani ni kitu gani hasa kinachomfikisha mtu mwema, anayeswali jamaa na kulipa ada za watoto kwa wakati, mahali pa kumwinda binadamu mwenzake. Nimeridhika kwamba kifo cha binti peke yake hakitoshi kumfikisha huko, kwa sababu wazazi wengi wa kwetu wamefiwa hivyo na wakabaki na subira yao. Kinachomfikisha ni tarehe za kesi.

Katika Tanzania Bara, mtu anayeshtakiwa kwa mauaji hufikishwa kwanza mbele ya hakimu wa Mahakama ya Wilaya au ya Hakimu Mkazi, ambaye hana mamlaka ya kulisikiliza shauri lenyewe. Kazi yake ni kulitaja, kuliahirisha, na upelelezi ukikamilika kuendesha mwenendo kabidhi ili lipelekwe Mahakama Kuu. Kosa hilo halina dhamana, hivyo mshtakiwa hukaa mahabusu, na kila baada ya wiki mbili hivi hupandishwa karandinga la Magereza, akaletwa kizimbani, akapewa tarehe nyingine na kurudishwa. Wasomaji wa magazeti yetu wameshayahifadhi maneno yenyewe: "Mheshimiwa, shauri hili limekuja kwa ajili ya kutajwa, upelelezi bado haujakamilika, tunaomba tarehe nyingine." Na siku ya kwanza kabisa hakimu humwambia mshtakiwa kwamba hatakiwi kujibu chochote, kwa kuwa mahakama hiyo haina mamlaka ya kusikiliza shauri hilo.

Sheria ina sababu zake za kupita njia hiyo, na sikusudii kuidhihaki. Lakini baba aliyetoka Muheza na basi la alfajiri, akiwa amebanwa kati ya magunia ya machungwa na ameacha mshahara wa siku nzima kiwandani, huingia mahakamani akidhani leo mtu atasema ni nani aliyemuua mwanawe, na shauri humalizika kabla hajapata hata nafasi ya kulivuta benchi likae sawa. Rasimu ya pili imejengwa juu ya dakika hizo chache, ambazo tunazirudia mara saba katika filamu, bila kubadili hata neno moja la wakili wa Serikali, ila tukibadilisha waliokaa kwenye mabenchi. Mara ya kwanza ukoo mzima wa marehemu umekuja, na wengine wamesimama nje dirishani. Mara ya tatu wamebaki baba, mama na shangazi. Mara ya tano baba yuko peke yake, na upande wa pili jamaa za mshtakiwa wameongezeka, wamezoeana na askari wa zamu, wanamsalimu karani kwa jina lake.

Aprili: mwaka wa hadithi

Tumekubaliana kwamba hadithi itokee 2016 na 2017, na uamuzi huo umeondoa mabishano mengi yaliyokuwa yakituchelewesha. Mshauri wetu katika mambo ya mahakama, ambaye ni karani mstaafu na mtu makini kupita kiasi, alitupitisha kwenye mabadiliko yaliyotokea baadaye ili tusiyachanganye. Ofisi ya Taifa ya Mashtaka ilianzishwa 2018, kwa hiyo karatasi yoyote itakayoonekana kwenye kamera haiwezi kuwa na jina hilo juu yake; jalada letu "liko kwa DPP Dar es Salaam", yaani kwa Mkurugenzi wa Mashtaka, kama watu walivyokuwa wakiambiwa. Makubaliano ya kukiri kosa kati ya mshtakiwa na upande wa mashtaka yaliingizwa katika sheria zetu mwaka 2019, hivyo mtindo unaotumiwa sana katika filamu za Marekani, wa muuaji kupunguziwa adhabu kwa kukiri na kumtaja mwenzake, haungewezekana katika kesi hii hata tungeutaka.

La tatu ndilo lililonigusa zaidi kama mwandishi. Hadi marekebisho ya 2021 yalipokifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na mahakama, watu walijadiliana mbele ya hakimu kwa Kiswahili lakini kumbukumbu na maamuzi yaliandikwa kwa Kiingereza. Kwa hiyo katika filamu yetu, Mkurugenzi wa Mashtaka anapowasilisha hati ya kutokuwa na nia ya kuendelea na shauri, na kijana akaachiwa huru, baba anapewa nakala ya uamuzi ambayo haelewi hata mstari mmoja. Anairudisha nyumbani, na mwanawe wa kidato cha tatu ndiye anayemsomea kwenye mwanga wa taa ya chemli, akikwama, akirudia, akifungua kamusi ya shule, mpaka anafika kwenye maneno yanayosema kwamba mshtakiwa ameachiwa. Mtoto analifahamu neno hilo kabla ya baba na analiacha. Anasema, "Hili sijalijua, baba." Nimeipenda sini hii kuliko zote nilizoandika mwaka huu, kwa sababu mtoto anamdanganya baba yake kwa huruma, na baba anajua kwamba amedanganywa.

Karani mstaafu alituongezea jambo jingine ambalo limeingia kwenye maongezi ya baba na mlinzi wa kiwanda. Adhabu ya mtu aliyetiwa hatiani kwa mauaji ni kunyongwa hadi kufa, na jaji hana hiari ya kutoa nyingine, lakini Tanzania haijamnyonga mtu yeyote tangu 1994. Baba, ambaye amekuwa akilala na kuamka na wazo la kitanzi, anaambiwa habari hiyo na mtu anayekunywa naye kahawa, kwa sauti ya kawaida kabisa kana kwamba wanazungumzia bei ya mafuta.

Mei: waigizaji

Mvua za masika zimetufungia ndani, na wiki zote tumezitumia kwa mazoezi katika ukumbi wa shule tulioazimwa. Mwigizaji mkuu amesomea sanaa Bagamoyo na ameigiza jukwaani kwa miaka mingi, na nilimchagua kwa sababu anajua kukaa kimya bila kuonyesha kwamba anakaa kimya. Waigizaji wengi wa filamu zetu wamezoea kulia kwa sauti panapotajwa kifo. Nilimwomba asilie popote mpaka sini ya mwisho, naye akaniuliza swali zuri, kwamba kama halii, hasira inakaa wapi katika mwili wake. Tulishauriana tukaiweka masikioni. Huyu ni fundi wa korona, ile mashine ya kuchambua mkonge, na kwa miaka yote amefanya kazi kwa kusikiliza: kisu kilicholegea anakijua kwa mlio kabla hakijaharibu kitu. Baada ya msiba anaanza kusikiliza kila kitu namna hiyo, na baadaye, anapoanza kumfuatilia kijana, anayatambua malori ya ukoo ule usiku kwa ngurumo ya injini tu, akiwa amelala kitandani.

Jina la mhusika limetusaidia kuliko tulivyotazamia. Mtaani kwake hakuna anayemwita kwa jina alilopewa na wazazi. Ni Baba Zuhura, na mkewe ni Mama Zuhura, kwa kuwa Zuhura ndiye kifungua mimba. Binti amezikwa, lakini kila asubuhi muuza vitumbua, dereva wa bodaboda, imamu na watoto wa jirani wanaendelea kumsalimu kwa jina la marehemu, kwa mapenzi na heshima, bila kujua wanachomfanyia. Katika mazoezi tuliwaomba waigizaji wadogo wamwamkie mmoja baada ya mwingine, "Shikamoo, Baba Zuhura," naye aitikie "Marahaba" kila mara. Hatukumwelekeza zaidi ya hapo. Kufikia mtu wa sita au wa saba, lile "Marahaba" lilikuwa limeshabadilika, na sote tulilisikia.

Mama Zuhura amekuwa mgumu kumpata, kwa sababu muswada wa awali ulimwacha jikoni akilia huku mwanamume akitenda. Mwigizaji tuliyempata hatimaye alikataa kuicheza sehemu hiyo ilivyoandikwa, na nimeandika upya sini zake zote. Sasa yeye mwenyewe ndiye anayeamua kuacha kwenda mahakamani, na anatoa sababu yake kwa maneno machache: amebakiwa na watoto wawili, na watoto hao wanakaa na njaa siku za tarehe.

Juni: vibali na vifaa

Maombi ya kibali tumeyapeleka Bodi ya Filamu Tanzania pamoja na muswada kamili, kama Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya mwaka 1976 inavyotaka. Sare za Polisi na za Magereza haziazimwi wala kushonwa kiholela, hivyo zina maombi yake. Mahakama halisi hatukuiomba. Tumegeuza ukumbi wa zamani wa chama cha ushirika, tukaweka kizimba, meza ya juu, Nembo ya Taifa ukutani na mabenchi yaliyochongwa na fundi seremala wa hapa hapa, na karani wetu mstaafu akaja kukagua akatusogezea meza yake mwenyewe, yaani ya karani, hatua mbili kushoto.

Kitu kilichotuchukua muda mrefu ni kanga. Zuhura alikutwa amefunikwa kipande kimoja cha doti ya mama yake, na Polisi wamekichukua kama kielelezo, kikatiwa kwenye bahasha ya kaki na kuwekewa namba. Kipande cha pili kimebaki nyumbani. Mama hawezi kukivaa, hawezi kukigawa, na hawezi kukikunja na kukiweka kabatini bila mwenzake, na kwa kuwa vielelezo hukaa mikononi mwa Serikali hadi shauri limalizike, kila kuahirishwa kwa kesi ni kuahirishwa kwa kanga hiyo pia. Mbunifu wa mavazi amezunguka maduka ya Ngamiani akitafuta doti kadhaa za chapa moja na rangi moja, kwa sababu kipande cha kielelezo lazima kichafuliwe upya kila tunaporudia kupiga, na cha nyumbani lazima kipauke taratibu kadiri miezi ya hadithi inavyokwenda. Alizifua nyingine kwa sabuni ya mche na kuzianika juani mara nyingi, akaziandika pindoni kwa penseli mwezi ambao kila moja inawakilisha.

Julai: kupiga picha

Tumeanza na sini za mashambani. Upepo wa kusi unavuma kwa nguvu mwezi huu na umetutesa upande wa sauti, kwa kuwa mashamba ya mkonge yako wazi na majani yake magumu husuguana. Fundi sauti amelazimika kuvika maikrofoni manyoya na bado maongezi mengine tutayarekodi upya ndani. Kwa upande wa picha, shamba limetupa zaidi ya tulichoomba. Mistari iliyonyooka ya mimea inayotoka miguuni mwa mhusika hadi kwenye vilima vya Usambara inamfanya mtu mmoja aonekane mdogo mno, na mpiga picha wetu ameitumia kwa kiasi, bila kuigeuza kuwa kadi ya posta.

Sini niliyoingoja kwa hofu ni ya ubani, na tumeipiga kwa siku nzima. Arobaini imepita. Mjomba wa mshtakiwa anafika nyumbani kwa Baba Zuhura akiwa ameongozana na shehe wa mtaa na mjumbe wa nyumba kumi, wanakaribishwa mkekani, na baada ya salamu ndefu mjomba anaweka bahasha katikati.

"Baba Zuhura," anasema akiwa ameinamisha kichwa, "msiba huu ni wetu sote. Tumekuja kukupa pole, na huu ni ubani wetu."

"Ubani ulishatolewa siku ya hitima. Watu walitoa elfu mbili, elfu tano, na majina yao yako kwenye daftari. Hii niiandike shilingi ngapi?"

Shehe anaingilia kati kwa upole: "Ndugu yangu, msamaha nao una thawabu zake."

"Nafahamu, shehe. Lakini sijaombwa msamaha. Nimeombwa ninyamaze."

Shehe huyu sikumwandika kama mtu aliyenunuliwa, na nilimsisitizia mwigizaji jambo hilo. Anaamini anachokisema, na ana aya ya kukitegemea, kwa kuwa Kurani katika Suratul Baqara, aya ya 178, inataja kisasi katika waliouawa na papo hapo inafungua mlango wa kusamehe na kulipana kwa wema. Tatizo ni kwamba wanaozungumza hapo mkekani si wenye shauri. Kesi ya mauaji ni ya Jamhuri, na hata familia ingesamehe kwa moyo mmoja isingeweza kuifuta. Kinachoweza kufutwa ni ushahidi, na mjomba analijua hilo vizuri kuliko shehe. Bahasha inabaki mkekani. Mama Zuhura anatoka na sinia la chai, hana pa kulitua, anaisogeza bahasha kwa mgongo wa kiganja kama mtu anayeondoa makombo, anatua sinia, anarudi ndani. Mwigizaji alilifanya tendo hilo bila kuagizwa, na mjomba, ambaye naye hakutazamia, akavuta magoti yake nyuma. Hiyo ndiyo tuliyoichukua.

Bahasha ya pili, ile inayomfikia shahidi, hatuionyeshi. Dereva wa bodaboda aliyemwona kijana usiku ule anapita tu mbele ya kiwanda akiwa na pikipiki mpya, nailoni za kiwandani bado zimefunika kiti chake. Baada ya hapo yeye ndiye "shahidi hajafika", na baada ya hapo anakuwa amehamia Handeni.

Sini za mahakamani zilikwenda haraka. Zinafanana kwa makusudi, na waigizaji walikuwa wameshazishika.

Agosti: kisasi chenyewe

Hapa ndipo timu ilipogawanyika, na naandika kwa kirefu kwa sababu uamuzi huu ndio utakaoamua filamu hii ni ya namna gani.

Korona ni mashine ya kutisha. Majani ya mkonge hupita kwa mnyororo hadi kwenye ngoma zenye visu butu vinavyozunguka kwa kasi, visu vikaponda na kukwangua nyama ya jani huku maji yakiisafisha, zikatoka upande wa pili nyuzi nyeupe za katani ambazo ni kiasi cha asilimia 4 hadi 5 tu ya uzito wa jani lililoingia. Kila mtu aliyeiona ikifanya kazi katika timu yetu aliwaza jambo moja, na wawili walilisema: baba ni fundi wa mashine hii, muuaji yuko mikononi mwake, usiku, kiwanda hakina mtu. Walinionyesha hata jinsi ya kuipiga picha bila kumwonyesha mtu, kwa maji yanayobadilika rangi. Kama ufundi, lilikuwa wazo zuri.

Nimelikataa, na sababu yangu ni Zuhura. Watazamaji wakipewa kifo cha namna hiyo watakizungumzia hicho kwa mwaka mzima, na binti atakuwa amefanywa kisingizio cha kukifikia. Njia hiyo imeshapitiwa na wenzetu wenye uwezo mkubwa kuliko wetu. Brian Garfield alichapisha riwaya ya Death Wish mwaka 1972, na filamu iliyotokana nayo, iliyoongozwa na Michael Winner na kuigizwa na Charles Bronson, ikatoka 1974. Mwandishi hakupendezwa na jinsi filamu ilivyomfanya mlipiza kisasi kuwa mtu wa kushangiliwa, akaandika riwaya nyingine, Death Sentence, iliyotoka 1975, kulijibu jambo hilo. Garfield alikuwa ameandika juu ya mtu anayeharibika, na ukumbi ukapiga makofi. Sitaki makofi hayo Muheza wala Dar es Salaam, hasa katika nchi ambayo mtu huweza kuitiwa mwizi sokoni na akawa maiti kabla polisi hawajafika.

Kwa hiyo tumepiga hivi. Baba anamteka kijana na kumpeleka kwenye kambi ya zamani ya wafanyakazi iliyoachwa, nyumba zisizo na mapaa, mkonge umeota hadi sebuleni. Anamtaka aseme alichokifanya. Kijana anasema, kwa hofu, kwa mafungu, akiongeza na kupunguza, na baba anayesikiliza mashine maisha yake yote anatambua kwamba hajui ni lipi katika maneno hayo lililo kweli na lipi lililotolewa na kamba. Maungamo yanayokamuliwa kwa vitisho hayasimami mahakamani, na sasa tunamwona akigundua kwamba hayasimami hata masikioni mwake. Anamuua kwa kamba ya katani. Kamera inabaki nyuma yake, upande wa mlango, kwa muda wote, na hakuna muziki. Mwigizaji aliomba tuipige mara moja tu, tukakubali.

Baadhi ya wenzangu walitaka asamehe dakika ya mwisho. Niliwaelewa, lakini mtu tuliyemjenga kwa miezi kumi na minane ya tarehe hana tena mahali pa kuutoa msamaha huo, na kumpa kwa nguvu kungekuwa kumdanganya mtazamaji. Nilichowapa badala yake ni matokeo kamili. Hati ya kutokuwa na nia ya kuendelea na shauri haimsafishi mtu. Jamhuri inaweza kumkamata na kumshtaki upya kwa kosa lilelile, na wasomaji wa magazeti wanakumbuka watu walioachiwa wakakamatwa tena wakiwa bado kwenye ngazi za mahakama. Katika filamu, dereva wa bodaboda alikuwa amerudi kutoka Handeni kwa hiari yake, ameandika maelezo mapya, na mpelelezi alikuwa njiani kwenda Muheza. Baba anaambiwa hayo akiwa mahabusu. Kisha analetwa kwenye mahakama ileile, anapanda kizimba kilekile, na hakimu anamwambia kwamba hatakiwi kujibu chochote.

Oktoba: uhariri

Mkato wa kwanza ulikuwa wa zaidi ya saa mbili na nusu, na mhariri ameushusha hadi dakika 118. Kilichopungua zaidi ni ufuatiliaji, yaani baba akijificha, akihesabu malori, akipima mwendo wa askari wa zamu; tulipiga mengi kuliko yaliyohitajika. Sini za kutajwa hatukuziondoa hata moja. Mhariri alipendekeza zibaki nne, tukajaribu, na ikawa dhahiri kwamba kwa nne mtazamaji anapata habari kuwa kesi imechelewa, ilhali kwa saba anachoka pamoja na baba, na uchovu huo ndio tunaouhitaji ili aingie naye kambini akiwa hajui atamzuia au atamsaidia.

Tuliwaonyesha mkato huu watu wa hapa, wakiwamo wafanyakazi wa mkonge na mawakili wawili. Maoni yaliyotusaidia yalitoka kwa mama mmoja aliyeuliza kwa nini Baba Zuhura hakuandika barua, kwa sababu yeye angeandika. Alikuwa na haki ya kuuliza, kwani ndugu wa marehemu wanaweza kumwandikia Mkurugenzi wa Mashtaka, na mhusika mwenye subira kama huyu asingeiacha njia hiyo. Tumerudi kupiga sini fupi: barua iliyoandikwa kwa mkono kwenye karatasi ya daftari la shule, inapigwa mhuri wa IMEPOKELEWA, nakala inarudishwa dirishani, na baba anaikunja kwa uangalifu mkubwa akaitia mfukoni mwa shati. Tumeiweka kati ya kutajwa kwa nne na kwa tano.

Mawakili walikuwa na jambo lao, na nimelikubali pia. Waliona kwamba wakili wa Serikali ametokea kama mtu asiyejali. Ucheleweshaji wa upelelezi ni jambo ambalo nchi yenyewe imelitazama usoni. Tume ya Haki Jinai iliyoundwa Januari 2023 chini ya Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman, na kukabidhi ripoti yake Julai mwaka huo, ilichunguza taasisi nzima za haki jinai, na hakuna anayedhani kwamba ni ubaya wa mtu mmoja mwenye suti nyeusi. Kwenye kabati la picha tulikuwa na kipande ambacho wakili huyo, akisubiri hakimu, anayapanga majalada yake mezani na yanakuwa mengi mpaka yanaanguka. Kimerudi ndani, bila maneno yoyote.

Novemba: kazi iliyobaki

Rangi imekamilika kwa theluthi mbili ya filamu. Kanga ya nyumbani inapauka vizuri kuanzia sini ya ubani, ila katika sehemu mbili mwezi wa pindoni haukulingana na mwezi wa hadithi, na mchanganya rangi anazirekebisha kwa mkono. Maongezi ya shambani yamerekodiwa upya yote isipokuwa ya mlinzi wa kiwanda, ambaye mwigizaji wake yuko Mwanza na atatufikia mwezi ujao.

Sauti ya korona bado haijapatikana kama ninavyoitaka. Tuliyo nayo ilirekodiwa mashine ikiwa na mkonge mdogo, na masikio ya fundi halisi wa kiwanda, tuliyemwomba aisikilize, yaliitambua mara moja. Kiwanda kiko katika matengenezo kwa sasa. Kitakapowasha tena, fundi sauti atakwenda kurekodi zamu nzima, kuanzia mashine inapochemka ikiwa tupu hadi inapolemewa, pamoja na kisu kimoja kilicholegezwa kwa ruhusa ya mkuu wa karakana. Baada ya hapo tutafunga mchanganyiko wa sauti, tutaandaa manukuu ya maandishi kwa ajili ya watazamaji wasiosikia, na tutaipeleka nakala ya mwisho Bodi ya Filamu kwa ajili ya kupangiwa daraja.